Mpakateni Mtoto, Msimlaze kwa Dawa

Kuna ushauri mmoja unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama kila mmoja wao anapokaribia kusafiri. Mama anauliza: "Jamani, nasafiri na mwanangu wa mwaka na nusu, saa tisa hewani, nifanyeje?" Majibu yanaanza vizuri. Beba nguo za kubadilisha, zako na zake. Beba mahamri na ndizi. Chukua leso mbili. Halafu, bila kukosa, linakuja lile jibu linalopigiwa vidole gumba kuliko yote: "Mpe Piriton kidogo tu, atalala mpaka London."

Nataka kugombana na jibu hilo. Sigombani na mama anayelifuata, maana najua anaogopa nini. Nagombana na sisi wengine, abiria wenzake, tunaomfanya aogope.

Tuanze na dawa yenyewe. Piriton ni dawa ya aleji: mwasho, vipele, kupiga chafya kwa sababu ya vumbi. Usingizi unaoleta ni athari ya pembeni tu. Kuna watoto wanaolala wakiinywa, na kuna wanaogeuka kinyume kabisa, wakachangamka na kuhangaika usiku mzima, na wako ni yupi hutajua mpaka umeshamnywesha. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka 2 dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Dawa za jamii ya Piriton zimo katika kundi hilo. Sababu walizotaja si za mchezo: degedege, moyo kwenda mbio, mtoto kupoteza fahamu, hata kifo. Mtoto akianza kupumua vibaya ukiwa Mbaraki, unamkamata unatoka mbio, unapanda tuktuk, unafika hospitali. Akianza kupumua vibaya juu ya jangwa usiku wa manane, unakimbilia wapi? Daktari akikuandikia dawa kwa sababu mtoto ana aleji, hiyo ni habari nyingine. Hapa tunazungumzia kumnywesha mtoto mzima wa afya ili mtu wa kiti cha 32C amalize filamu yake.

Sasa tujiulize swali ambalo watu wazima hatulipendi: mtoto analilia nini?

Kwanza, masikio. Ndege ikiwa juu, hewa ndani yake huwa nyepesi kama ya milimani. Kanuni za utengenezaji wa ndege za abiria zinaruhusu iwe kama ile ya kimo cha mita 2,400 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800. Nyahururu iko mita 2,300 na ushei. Yaani mtoto wa Mbaraki, aliyezoea hewa ya ufukweni, anapandishwa mpaka Nyahururu kwa nusu saa hivi, na mwisho wa safari anateremshwa tena kwa kasi ileile. Wewe masikio yakiziba unapiga mwayo, unatafuna kitu, unameza mate. Yeye mrija unaounganisha sikio na koo ni mfupi na mwembamba, na ni nani aliyemfundisha kumeza kwa makusudi? Anachojua ni kwamba kuna kitu kinamuuma na mamake hakiondoi. Ndiyo maana tunaambiwa mtoto anyonye au anywe kitu ndege inapoanza kushuka. Aliyelala usingizi mzito wa dawa hamezi sana, kwa hivyo usingizi ule mliomnunulia unamnyima dawa ya kweli ya masikio yake.

Pili, miguu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari au mgongoni kwa mtu, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Unasema apate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kwa siku. Sasa weka mwongozo huo kando ya tikiti ya Nairobi kwenda London, saa nane na nusu au tisa, mtoto amefungwa mkanda tumboni kwa mamake. Au ile ya Nairobi kwenda New York, inayokaribia saa 15. Mtu amejifunza kutembea juzi tu. Miguu yake ni mali mpya, anataka kuionyesha kwa kila mtu. Unamkalisha usiku kucha halafu unashangaa ati anapiga makelele. Wewe ungenyamaza?

Na hizo saa tisa ni za tikiti tu. Mtoto anahesabu tangu alipoamshwa. Kuna gari kutoka Mbaraki, foleni ya Makupa, malori ya Changamwe, na kukaa uwanja wa ndege wa Moi. Kuna ndege ya kwenda Nairobi, kama saa moja, kisha kungoja tena, na humo kote viatu vinavuliwa, maziwa yanafunguliwa yakaguliwe, kigari kinakunjwa na kukunjuliwa. Ikifika saa ya kupanda ile ndege kubwa, mtoto amechoka na mama hajala. Hapo ndipo wewe unakutana nao kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo unaamua kwamba huyu mama hajui kulea.

Najua kuna mtu anasema: si angebaki nyumbani basi? Kwani lazima kusafiri na mtoto mdogo hivyo?

Jirani yangu hapa Mbaraki aliulizwa hivyohivyo. Mumewe yuko Uingereza. Tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenziwe kule kwa viza ya familia anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Basi mume akawa anakimbizana na kipato, mke anakimbizana na makaratasi, na mtoto naye hakungoja mtu. Alizaliwa, akakaa, akatambaa, akaota meno, babake akiyaona hayo yote kwenye simu. Viza ilipotoka alikuwa na miezi 20. Hakuna aliyekaa chini akachagua kwamba miezi 20 ndio umri mzuri wa kuvuka mabara. Makaratasi ndiyo yaliyochagua. Na kwa kuwa baba yuko upande wa pili, mama husafiri peke yake. Angekuwa na mtu wa kumsaidia njiani, asingekuwa na sababu ya safari yenyewe.

Si yeye tu. Kuna anayempeleka mtoto India kwa matibabu ya moyo. Kuna anayerudi nyumbani kutoka Jeddah au Toronto kwa sababu mamake mzazi ni mgonjwa na anataka amuone mjukuu kabla hajafumba macho. Pwani hii watu wake wameishi wakivuka bahari kwa karne nyingi, na safari hizo zilibeba watoto pia. Leo tumepata ndege, tumepata viti vyenye skrini, tumesahau kwamba watu husafiri na familia zao.

Nilimuuliza jirani yangu anaogopa nini zaidi. Nilidhani atasema ndege kutikisika, au kuzuiliwa na watu wa uhamiaji. Akasema: "Watu watakavyonitazama." Halafu akaniuliza kuhusu Piriton.

Hilo ndilo linalonichoma. Mama yuko tayari kuubahatisha uhai wa mwanawe kwa sababu ya macho ya watu asiowajua na hatawaona tena.

Sasa nataka mfikirie mahali pengine ambapo mtoto hulia kwa saa nane. Basi la usiku la Mombasa kwenda Nairobi. Karibu kilomita 480, saa nane au zaidi, viti vimebanana kuliko vya ndege, joto, harufu ya chipsi, na muziki ambao hakuna aliyeuomba. Mtoto akilia Voi, kuna mwanamke nyuma anasema, "Huyo ana gesi, mgeuze tumbo." Mtito Andei watu wanashuka, na yule kijana wa pembeni ambaye hajasema neno tangu Mombasa anasema, "Dada, nenda msalani, mimi niko naye hapa." Hakuna anayempigia makofi kijana huyo. Hakuna anayemrekodi. Ni jambo la kawaida tu.

Au panda feri ya Likoni, dakika kumi kutoka hapa kwa miguu. Mama ana mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mfuko wa unga. Kabla feri haijatoka, mfuko umeshachukuliwa na mtu na yule mtoto wa mkononi yuko kwa bibi fulani. "Lete mwana, mwanangu, utaanguka." "Ahsante, mama." Kwenye matatu ni vilevile: aliyekaa humwambia aliyesimama, lete nimpakate. Haombwi, anajitolea. Babu zetu waliisema kwa maneno manne: mkono mmoja haulei mwana.

Basi hebu niambieni. Mtoto ni yuleyule. Saa ni zilezile. Machozi ni yaleyale. Mbona mtu yuleyule aliyempakata mtoto wa watu kwenye matatu ya Likoni, akishavuka geti la uwanja wa ndege anageuka, anasonya, anaita mhudumu aulize kama kuna kiti kingine? Kilichobadilika ni kwamba ndani ya basi tunajiona watu, na ndani ya ndege tunajiona wateja. Tumelipa pesa nyingi, na pesa nyingi zinatuambia kwamba tumenunua na ukimya. Hamkuununua, jamani. Isomeni tikiti yenu tena. Mmenunua kiti, na kusafirishwa kutoka hapa hadi pale.

Kampuni nazo zimeshatusoma. Mwaka 2013 AirAsia X ya Malaysia ilianza kutenga sehemu ya utulivu, ambamo wakati huo watoto wa chini ya miaka 12 hawakuruhusiwa kukaa. Mwaka 2023 Corendon wakatangaza sehemu ya watu wazima peke yao, miaka 16 kwenda juu, kwenye safari ya Amsterdam kwenda Curaçao, kwa malipo ya ziada. Ukiangalia vizuri, biashara hii inauza woga wetu sisi kwa sisi. Kilio kinapita pazia bila tikiti, lakini atakayelipa atajisikia ana haki zaidi ya kukasirika.

Na upande wa pili, wazazi wameanza kujinunua. Mwaka 2019 mama mmoja aliyekuwa akisafiri kutoka Seoul kwenda San Francisco na mtoto wa miezi minne aligawa vifuko zaidi ya 200 kwa abiria wenzake: peremende, vizibo vya masikio, na kibarua cha kuomba msamaha mapema iwapo mtoto atalia. Picha zikazunguka dunia, watu wakasema ah, mama mzuri huyo. Mimi nikaona mwanamke anayelipa faini kabla ya kosa. Vifuko zaidi ya 200, na mtoto mchanga. Ni nani katika hao 200 aliyemletea yeye kifuko? Tukiizoea desturi hii, kesho mama asiye na pesa za peremende ataonekana hana adabu. Kilio cha mtoto hakina fidia kwa sababu hakuna aliyekosewa.

Nasikia pingamizi. La kwanza: wapo wazazi wasiojali. Kweli wapo. Mtoto anapiga teke kiti cha mbele saa nzima, mzazi anaangalia simu. Huyo aambiwe, tena aambiwe waziwazi: ndugu yangu, mvue viatu, mbebe, mtembeze. Nepi ibadilishwe msalani. Kulea ni kazi ya mzazi kwanza, na kusaidiwa hakumwondolei. Na baba ambaye amekaa viti vitatu nyuma na hedifoni masikioni ilhali mkewe anahangaika, wewe hatukuzungumzi sana, simama tu uje uchukue zamu yako. Lakini hao wasiojali hawaulizi habari ya Piriton. Anayeuliza ni yule anayejali mpaka anaumwa.

La pili ni zito zaidi: siku hizi huwezi kumpa mtu usiyemjua mtoto wako. Watoto wanaibwa. Sawa, na mama ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema "hapana, ahsante," unatabasamu unanyamaza. Ila ndani ya ndege, ufunguzi wa mlango uko saa sita mbele na kiti changu kimegusana na chako, nitaenda naye wapi? Dakika kumi za kumshika mtoto ili mamake ale chakula kikiwa bado na moto, hiyo ndiyo hatari? Hatari ipo kwenye ile chupa ya dawa tuliyomlazimisha aifungue kwa sababu hakuna aliyejitolea.

La tatu: mimi sina mtoto, sijui kushika mtoto, hainihusu. Wasomaji wangu wengi mko hapa, na nyie ndio nawalenga. Hamjaulizwa mbadilishe nepi. Ukiona mama amekaa katikati na wewe uko kwenye njia, mpe kiti cha njia, ili asiwe anakuamsha kila akitaka kumtembeza mtoto. Chukua mfuko wake uweke juu. Chakula kikija, mshikie sinia au mshikie mtoto, lolote analotaka. Mtoto akikuchungulia juu ya kiti, mchungulie na wewe. Dakika tano za kujificha nyuma ya leso zinaweza kumtuliza kuliko katuni. Na akilia licha ya hayo yote, maana atalia, toa macho yako kwake. Angalia dirishani. Hilo halihitaji ujuzi wowote.

Na kampuni za ndege tusiziache zikae pembeni kama vile ugomvi ni wetu peke yetu. Mtoto wa chini ya miaka 2 kwenye safari nyingi za kimataifa hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli na hapati kiti. Akifikisha miaka 2 lazima alipiwe kiti chake. Vile vitanda vidogo vinavyotundikwa ukutani ni vichache, na vina kikomo cha uzito. Mtoto wa mwaka na nusu kwa kawaida ana kilo kumi au kumi na moja, ndio kwanza anavipita vingi vya hivyo. Kwa hivyo mtoto anayesumbuka zaidi, yule aliyeanza kutembea, ndiye asiye na kitanda wala kiti. Hebu fanyeni yaliyo rahisi. Kukiwa na kiti kitupu, mwekeni mama kando yake bila kungoja ajipige magoti. Wafundisheni wahudumu kumuuliza mama, "Ungependa ule saa ngapi?" badala ya kumwambia amnyamazishe mtoto. Niliwahi kukaa nyuma ya mama aliyeambiwa hivyo, mbele za watu, na abiria wote tukanyamaza kana kwamba tumekubali. Kilichomvunja ni kule kunyamaza kwetu. Ule mtoto alilia dakika ishirini. Mamake alilia mpaka tunatua.

Kwa mama mwenyewe nina machache tu, kwa kuwa umeshapewa ushauri wa kutosha. Ukienda duka la dawa, sema ukweli: nataka alale kwenye ndege. Mfamasia mzuri atakukatalia. Ulale kidogo naye, ukipata. Taa ya mkanda ikizimika, mtembeze, njia ile ni ya abiria wote na yeye ni abiria. Ndege ikianza kushuka, mpe kunyonya au kikombe cha maji, kidogo kidogo, mpaka magurudumu yaguse chini. Usibebe vifuko vya peremende. Usiombe msamaha kwa sababu tu umeingia na mtoto. Mtu akikuuliza kama akushikie, na moyo wako ukamkubali, mpe.

Jirani yangu anaondoka mwezi ujao. Sijui atakaa karibu na nani. Huenda ni wewe unayesoma hapa, umechagua kiti mapema, umepakia filamu nne, unaomba kimoyomoyo usipangwe na mtoto. Ukimuona anakuja kwenye njia, mtoto begani na leso inaburuta, usingoje aanze kusema samahani. Muwahi wewe: "Dada, lete nikushikie."